Shajara ya mradi: kutafuta printa ya kuprinti juu ya CD na DVD, Kigoma

Naandika huku kazi ikiendelea, kila hatua ikiisha naongeza chini, ili mwenye studio ndogo kama yangu asianze sifuri. Mi nipo Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma mjini, kazi ni video za harusi, sendoff, ubarikio na kwaya. Lengo: DVD itoke na picha na maandishi yamechapwa juu yake moja kwa moja, sio stika, sio maka peni.

12 Februari 2024: kwanini nahangaika na CD kipindi hiki

Najua mtasema flash. Flash ninazo na wa mjini wengi wanachukua flash au wanarushiwa kwenye simu. Lakini nina wateja wa Kagunga, Mwamgongo na vijiji vya huko mwambao wanaopandia boti Kibirizi, nyumbani wana sola, tv ndogo na deki, na wao flash ikishafika nyumbani watoto wanaifuta wanaweka muvi. DVD haifutiki. Alafu kwaya, kwaya inauza mkononi ibada ikiisha, mtu anataka kitu chenye sura ya kwaya anachoweza kukiweka kabatini.

Mpaka sasa nilikuwa natumia stika, zile karatasi za A4 zenye duara mbili, shilingi 500 karatasi. Stika zina mambo matatu. La kwanza ukiibandika imeenda upande hata kidogo diski inazunguka inayumba na deki zilizochoka zinaanza kukwama kwama katikati ya picha. La pili joto, gundi inalegea kingo inanyanyuka, na redio za gari zile za kumeza CD kingo ikinyanyuka ndo imeingia moja kwa moja, haitoki. La tatu ndo limenifanya nianze huu mradi: mzee mmoja wa kwaya alikuta jina la wimbo limekosewa kwenye CD ya audio akasema "mwanangu hii si unabandua tu unabandika nyingine", akabandua mwenyewe pale pale, ikatoka na ile rangi ya fedha yote, ukiishika juu unaona dirisha upande wa pili. Nyimbo zote zimeondoka na stika.

Sababu ni jinsi zilivyotengenezwa. CD ina unene wa milimita 1.2 na karibu wote ni plastiki ya upande wa chini, ile tabaka ya fedha yenye data iko juu kabisa chini ya rangi nyembamba tu, kwaiyo ukikwaruza juu ndo umekwaruza nyimbo. DVD ni plastiki mbili za 0.6 zimegandishwa na data iko katikati, ndo maana DVD inavumilia zaidi. Ukisikia mtu anasema upande wa kulinda ni wa chini tu, kwa CD sio kweli.

26 Februari: nini hasa natafuta

Printa ya kawaida haiwezi. Karatasi inakunjwa inapita kwenye rola inageuka, CD haikunjiki. Inatakiwa printa yenye njia iliyonyooka na trei yake maalum, unaweka diski kwenye trei, trei inaingia kwa mbele bapa, hedi (kile kichwa kinachotema wino) inapita juu. Kwaiyo swali la kwanza sio dpi (nukta kwa inchi) ngapi, ni je ina hiyo njia na je trei ipo.

Kwa hapa Tanzania ukiuliza unaonyeshwa Epson za rangi sita za picha (nyeusi, njano, bluu na bluu nyepesi, pinki na pinki nyepesi). Za zamani za katriji kama T50 na T60 ambazo wengi walizifungia matenki ya nje, kisha zenye matenki yake zenyewe, L800, L805, na hii mpya L8050. Canon nao wana PIXMA kadhaa zenye trei ya CD, kama iP7240, picha nzuri sana, ila ni katriji, PGI-450 na CLI-451, na mimi katriji nilishaapa. Zile za matenki za kawaida ambazo kila steshenari ya hapa inazo, za rangi nne, hazina njia ya CD, usidanganyike kwa sababu tu zina chupa pembeni.

Mtego mwingine ni printa za mtumba zilizotoka Marekani. Canon kwa miaka mingi walikuwa wanauza printa ileile, Ulaya na Asia inakuja na nafasi ya CD, Marekani inakuja bila, pale mbele wameziba. Unasoma sifa mtandaoni unafurahi, unaletewa mzigo hauna tundu. Na bado umeme wa kwao ni 120, nyingine zinakubali zote nyingine hazikubali, soma kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka.

Kuna jamaa kaniambia habari ya LightScribe, zile za HP ambapo unageuza diski kwenye draivu na leza inachora lebo. Zilikuwepo kweli, miaka ya 2000, ila rangi ni moja tu na zinataka diski zake maalum ambazo sa hivi kuzipata ni kazi. Nikaachana nayo.

9 Machi: printa ya kwanza, imekufa

Nilipata ya mtumba Dar, modeli ya zamani ya katriji iliyofungiwa matenki ya nje, 180,000. Sitaitaja kampuni maana kosa sio la kampuni, kifaa kilikaa stoo bila kuwashwa sijui muda gani.

Imefika haina trei. Muuzaji anasema "kaka hukuuliza trei, ungeuliza". Na trei sio kipande cha plastiki cha kuchonga kwa fundi, ina alama zake ambazo sensa ya printa inazisoma kujua diski iko wapi, na trei ya modeli hii haikubali ile. Nyingine 35,000 kuagiza.

Trei imekuja, nikaprinti nozo cheki (mistari ya kupima kama matundu ya hedi yanatoa kila rangi) kwenye karatasi, nyeusi ipo, njano ipo, bluu zote mbili mistari imekatika katika, pinki hamna kabisa. Nikafanya kusafisha hedi kwa programu, ikaongezeka kidogo, nikarudia, ikapungua. Hapa sikilizeni, hiyo kusafisha kwa programu inanyonya wino mwingi na wote unaenda kwenye sponji la chini, likijaa kwenye hesabu ya printa inagoma mpaka ureseti. Ukishaona haisogei mbele acha, usikae unabonyeza tu. Nikatoka huko nikanunua maji ya kusafishia hedi na wino mpya, 45,000 vyote, fundi akaloweka hedi usiku kucha, asubuhi pinki imerudi nusu, jioni imeondoka tena. Wino uliokauka ndani ya hedi kwa miaka hautoki kirahisi na bei ya hedi mpya inakaribia ya printa.

Nimeiuza spea 70,000. Hesabu: 180 + 35 + 45 = 260, toa 70, imekula 190,000. Ukinunua mtumba, sharti liwe video ya nozo cheki inayotoka siku hiyohiyo na tarehe imeandikwa kwa mkono kwenye hiyo karatasi, na picha ya trei ikiwa mkononi mwa muuzaji.

6 Aprili: L805 imefika

Nilikuwa kati ya L805 na L8050. L8050 ni mpya, inaprinti CD na pia vitambulisho vya plastiki vya PVC ikiwa na trei yake kabisa toka kiwandani, hiyo ilinivuta sana. Kilichoamua ni wino. Nilizunguka Mwanga mpaka Lumumba naulizia chupa tu, wino wa 673 wa L805 upo steshenari kadhaa maana wapiga picha za pasipoti wanazitumia, wa L8050 niliambiwa tunakuagizia. Kuagiziwa hapa maana yake ni basi, na basi maana yake bwana harusi amekaa benchi nje anasubiri DVD zake. Basi nikachukua L805 iliyotumika kidogo toka kwa studio moja Mwanza iliyokuwa inafunga, 580,000 na trei yake, parseli 20,000. Nilimsisitiza isafiri imekaa vilevile inavyokaa mezani, isilazwe ubavu, ina wino ndani. Imefika safi, nozo cheki mistari yote sita.

Siku hiyohiyo ikanigomea. Naingiza trei, naprinti, inavuta, inagonga kitu kwa nyuma, inarudisha trei, taa zinamulika. Nikahisi nimeuziwa mbovu. Kumbe trei wakati wa kuvutwa inatokeza kwa nyuma ya printa kabla ya kurudi mbele, na mimi nimeisogeza mpaka ukutani ili meza itoshe. Nikaivuta mbele, acha nafasi ya kiganja kizima nyuma, tatizo limeisha. Kingine ni mishale, kuna mshale kwenye trei na mshale kwenye printa, vikipishana hata kidogo inakataa. Na uingize trei wakati printa imetulia, sio wakati inajisafisha inaunguruma.

Umeme ukikatika trei ikiwa ndani usiivute kwa nguvu. Subiri, umeme ukirudi washa, itaitoa yenyewe. Imenitokea na hedi ikapona, ila sasa printa iko kwenye UPS pamoja na kompyuta.

20 Aprili: nyeupe sio lazima iwe ya kuprintiwa

Diski za kawaida za fedha au zenye nembo ya kampuni hazishiki wino kabisa, unakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba, unaufuta na kidole. Zinatakiwa zile zilizoandikwa kwenye boksi kwamba ni za inkjet, juu nyeupe isiyong'aa sana, ina tabaka linalonyonya.

Nikaagiza boksi la 50 nyeupe, 30,000. Nyeupe safi, nzuri. Nimeprinti ya kwanza, picha ya bibi harusi, dakika kumi wino bado mbichi, saa moja bado, kesho yake nikigusa uso wote unahama. Kumbe kuna nyeupe za printa za thermo, zile za joto, kwa macho zinafanana kabisa na za inkjet ila juu ni kama rangi tu, hazinyonyi. Muuzaji ukimuuliza anakwambia printable, na hajadanganya, ni printable kwa mashine nyingine.

Jinsi ya kupima dukani: lowesha ncha ya kidole kidogo sana gusa pembeni kabisa ya diski. Ya inkjet inakuwa kama inanatanata inavuta kidole, ya thermo inateleza tu. Mwenye duka akikukatalia kufungua boksi, nunua moja ya reja reja kwanza. Zile 50 hazikupotea, nazitumia kwa kopi za kawaida za maka peni.

Boksi la pili, la kweli, 40,000 toka Kariakoo na 5,000 ya basi. Wino umekaa palepale, rangi imekolea kuliko nilivyotegemea, ngozi za watu zimetoka ngozi, hapa ndo unaona maana ya zile bluu nyepesi na pinki nyepesi.

4 Mei: katikati na pembeni

Hii imenichukua muda kuliko yote kwaiyo naiandika kwa kirefu.

Diski ni milimita 120, tundu 15. Kwenye Fotoshopu natengeneza kanvasi ya 120 kwa 120, dpi 300, inakuja pikseli 1417 kila upande. Lakini sehemu inayonyonya wino haianzi kwenye tundu. Kuna diski ambazo nyeupe inaanzia mbali, una duara kubwa la plastiki tupu katikati, na kuna zile zimejazwa mpaka karibu na tundu, nyeupe inaanzia kwenye kipenyo cha kama milimita 22 au 23. Programu ya Epson Print CD ina sehemu ya kuweka kipenyo cha ndani na cha nje, ya kwangu ilikuja imewekwa 43 ndani na 116 nje, ambayo ni salama ila kwa zile zilizojazwa inakuachia duara jeupe katikati kama hujamaliza kazi.

Nikaweka 23 nikafurahi, kazi imependeza. Lile boksi lilipoisha nikaletewa lingine, kwa juu ni nyeupe vilevile, ila hili nyeupe yake inaanzia mbali. Kijana wangu ameprinti kwa setingi ileile. Wino umepita kwenye plastiki tupu, haukauki, umeshuka kwenye trei, na kila diski iliyofuata ikachafuka upande wa CHINI, ule unaosomwa. Tumegundua deki ya hapa ofisini ilipoanza kukataa diski ambazo jana yake zilikuwa zinacheza. Hazikufa, kitambaa laini chenye maji kidogo, unafuta toka katikati kwenda nje, sio kwa kuzungusha. Ila fikiria zingekuwa zimeshapanda boti.

Sasa utaratibu ni huu: boksi jipya likifunguliwa unapima na rula nyeupe inaanzia wapi, unaandika kwa maka juu ya boksi, na trei inafutwa kila asubuhi kabla ya kazi.

Alafu kuna kuhama. Picha yangu ilikuwa imesogea kushoto kidogo na juu kidogo, pembeni kulia linabaki utepe mweupe mwembamba kama kucha. Programu ina sehemu ya kurekebisha nafasi, unaprinti duara la majaribio kwenye diski mbovu (tunza diski mbovu, zina kazi), unapima na rula, unaingiza tofauti. Kwangu haikutosha mara moja maana trei yenyewe ina mchezo kidogo, diski ikikaa haijabanwa vizuri katikati unakuja kupima kitu ambacho kesho kitabadilika. Bonyeza diski mpaka ikae bapa kabisa. Na kwenye dizaini usiweke fremu ya duara pembeni, hata uhame nusu milimita jicho linaiona. Weka picha inayotoka nje ya ukingo, hakuna atakayejua.

Hili pia: burn kwanza (yaani rekodi video kwenye diski), hakikisha inacheza, ndo uprinti. Epson wenyewe kwenye maelekezo yao wanasema hivyo, maana ukiprinti kwanza unaishika shika diski, vidole na vumbi vinaingia, alafu kuburn kunafeli na umeshamaliza wino.

1 Juni: maji

Wino wa 673 ni wa dai, yaani rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, unanyonywa, unang'aa vizuri, ila maji ni adui yake. Masika ndo yameisha lakini ukweli ni kwamba huku ziwani hewa haikauki vile, na diski zangu za mwanzo nilizikabidhi baada ya saa chache ndani ya bahasha za karatasi. Mzigo wa Mwamgongo umefika jina la bwana harusi limehamia kwenye bahasha. Dada yake kanipigia, "kaka, sura ya shemeji imekuwa ya bluu". Nikaprinti upya bure.

Nilichojaribu: vanishi ya kupulizia toka duka la vifaa vya ujenzi, 9,000 kopo. Ukipuliza nzito wino unatembea na vanishi, ukipuliza nyepesi mara kadhaa inashika na tone la maji halifanyi kitu. Lakini matone yanaruka upande wa chini, harufu inakaa siku nzima, na kwa CD za audio sikuthubutu, kemikali juu ya ile tabaka ya data siitaki. Kwa DVD inawezekana, ila kwa kazi ya diski hamsini ni mateso. Nimeacha. Zipo diski zenye juu ya kung'aa zinazohimili maji, watu wa nje wanazisifia sana, sijazipata Kariakoo kwa bei ya maana.

Kilichofanya kazi ni cha kawaida kabisa: saa 24 za kukauka, zimepangwa kwenye spindo (ile nguzo ya plastiki ya kuchomekea diski) na kipande kidogo cha plastiki kati ya diski na diski, mbali na dirisha, na ndani ya boksi lenye vile vipakti vinavyokuja kwenye viatu vipya. Alafu kava la plastiki gumu, 500, bahasha za karatasi marufuku. Na mteja anaambiwa asiache juu ya dashibodi, jua linaua rangi.

Kuhusu wino wa kopi, ule wa bei ya chini. Seti nzima sita ni 60,000, wa kwenyewe chupa moja tu ni 38,000. Nilijaza wa kopi kwenye pinki nyepesi peke yake ilipoisha, ngozi zikawa na uwekundu kama watu wamelia. Kwa mabango na maandishi poa, kwa harusi sitaki.

13 Julai: kwaya ya Kasulu, na hesabu

Kazi kubwa ya kwanza imeisha, DVD 200 za kwaya. Diski 900, kava 500, wino nauwekea 200 ingawa sijaupima kwa tone, jumla 1,600 kila moja. Nawauzia 3,000, wao kanisani wanauza 5,000. Kasi sio ya kiwanda, unakaa pale unaingiza trei unatoa trei, kijana kakaa nayo siku nzima mpaka jioni ananiambia "bro hii kazi inataka kiti kizuri". Ubora juu kabisa ulikuwa unachukua muda mara mbili na kwa macho siioni tofauti, tumeshuka ngazi moja.

Mwalimu wa kwaya alipozipokea hakuangalia picha, alianza kuhesabu majina ya waimbaji pembeni mwa diski kama yametimia. Yalitimia, ila herufi ndogo za mduara zilikuwa za pointi 5 na kwa mzee mwenye miwani hazisomeki, kuanzia sasa pointi 7 ndo mwisho wa chini.

Printa bado haijarudisha pesa yake yote, CD peke yake zitachukua muda. Ndo maana nimeagiza trei ya vitambulisho vya PVC ya L805, 45,000, inapita njia ileile ya CD na inabeba kadi mbili. Shule mbili hapa zimeshauliza bei ya vitambulisho vya wanafunzi. Kadi lazima ziwe zile za inkjet, kisa kilekile cha nyeupe na nyeupe, na nimeshamwambia muuzaji anitumie mbili za kujaribu kabla ya boksi. Zikifika nitapima kama nafasi inahama kama ilivyohama kwa diski, na nitaandika hapa namba nilizoingiza.